Kadi za Jumatano

Jumatano, Dundee, saa tatu na robo asubuhi.
Mvua ya hapa hainyeshi, inanyunyiza,
kama mtu anayepiga pasi.
Natoka zamu ya usiku, mikono inanuka sabuni ya mashuka ya hospitali,
na Lorne ananifungulia duka kabla ya wateja
kwa kuwa maboksi yamefika.

Mkataba wetu: nasoma vibonzo vipya vyote,
naandika kadi, maneno yasizidi thelathini,
anazibandika chini ya rafu,
nami nachukua vitabu viwili bure.
Nyota hatutoi. Lorne anasema nyota ni za hoteli.

Anapasua boksi kwa kisu. Wino mpya.
Wapo wanaonusa utosi wa mtoto mchanga;
mimi nanusa hii.

Cha kwanza: yule shujaa wa chuma.
Amekufa tena.
Mwezi wa tatu alikufa, wa tano wakamfufua,
sasa wanamlilia upya kurasa nne nzima,
majivu, radi, joho limechanika.
Naandika: *Aliyezoea kufa hachoshi kaburi, huchosha waombolezaji.*
Lorne anasoma, anakuna ndevu.
"Huyu marehemu ndiye anayelipa kodi ya duka."
Naongeza: *Jalada linameta.*

Cha pili ni chembamba, cheusi na cheupe.
Mwanamke anatengeneza lifti. Basi.
Hakuna anayepigana na mtu.
Ukurasa wa tisa wote ni giza,
na katikati ya giza kitufe kimoja, namba saba, kinawaka.
Nimekaa na kitufe hicho mpaka chai ikapoa.
Kwenye kisanduku kimoja mkono wake umeinuka,
kwenye kinachofuata umeshashuka,
na kati yao upo ule mwanya mweupe
ambao hakuna aliyelipwa kuuchora.
Kadi ya hiki nimeiandika mara tano.
Imebaki: *Soma polepole. Kisha panda ngazi.*

Huwa nafungua ukurasa wa mwisho kutafuta majina.
Aliyetunga, aliyechora, aliyetia rangi,
na chini kabisa, kama mdaiwa mlangoni,
aliyeandika herufi.
Baba yangu, Shebughe, alichora mabango Muheza.
SALUNI YA KISASA. LEO HAKUNA KUKOPA.
R yake ilirusha mguu mbele kama mtu anayeruka dimbwi.
Sahihi hakuweka hata siku moja.
"Anayesoma hakuna kukopa," alisema,
"haulizi nani kaandika. Anaondoka tu."

Cha tatu hakikutoka kwenye boksi.
Kimeletwa na Struan, miaka kumi na tano, koti limelowa,
karatasi nane zimebanwa kwa pini za stepla.
Mwezi jana kadi yangu ilisema: *Mkono bado mbichi.*
Sasa anatazama viatu vyake wakati nasoma.

Ndani kuna zimwi linalokula watoto wanaochora.
Likishiba huacha kadi nyeupe juu ya mifupa.
Linavaa miwani.
Fremu ya kushoto imefungwa plasta.

Nagusa plasta yangu.
Lorne ghafla ana kazi stoo.

"Maneno yako yanabanwa," namwambia Struan, "kwa sababu unachora puto kwanza.
Andika. Halafu zungushia."
Namwonesha kwa penseli nyuma ya risiti.
Haniitikii. Risiti anaichukua.

Kadi: *Zimwi lina miwani yangu na meno ya mtu mwingine. Limechorwa vizuri. Ukurasa wa tatu utacheka. Herufi bado zinamwagika nje ya puto, lakini zinamwagika kwa haraka ya kusema. Pauni moja. Nunua. Kilua.*

Nahesabu. Thelathini na moja.
Nafuta *vizuri*.
Nairudisha.
Nafuta jina langu.